Siku za Sur, na Finjani Niliyoiacha Ipoe

Jumamosi, 30 Januari 1999. Ibra.

Nina miaka sabiini na nane. Nimezika wake wawili, ndugu zangu wote wa tumbo moja, na daktari aliyenambia sukari itaniua. Yeye sukari alikuwa hali. Unguja niliondoka mwaka ule wa balaa na sufuria langu la shaba kichwani. Sufuria bado ninalo.

Leo nimekoroga haluwa tangu alfajiri. Zafarani, samli ya ng'ombe, iliki. Mwiko hapewi mtu. Mwanangu Khamis ananambia nipumzike, haluwa dukani imejaa. Ya dukani gundi ya kubandikia stampu.

Hii ni ya kupeleka Sur. Kesho tunaondoka, mie na Khamis na wanawe wawili, Abdalla na Salma. Majirani wameambiwa tunakwenda kutembea, kupunga upepo wa bahari na kula samaki. Si uongo, tutakula. Lakini safari ni ya Abdalla. Anataka kuoa. Binti anaitwa Muna, alisoma na Salma hapa chuoni Ibra. Wasuri wa asili. Baba yake, Bwana Musallam, ana malori ya kupeleka samaki Dubai.

Tabu moja. Muna ana mtoto wa ami yake, Rashid, anafanya kazi Abu Dhabi. Kwa Waarabu wa huku mtoto wa ami ndiye mwenye haki ya kwanza. Anarudi Sur Alkhamisi. Akisema namtaka, khalas, Abdalla wetu arudi Ibra akafundishe hesabu mpaka azeeke.

Sisi watu wa Unguja hapa Ibra tumeozana wenyewe kwa wenyewe tangu tulipokuja. Hii mara ya kwanza tunabisha mlango wa watu wengine. Khamis ana wasiwasi. Mie sina. Unguja nimeposea watu chungu nzima na hakuna aliyerudi mikono mitupu.

Usiku Khamis kanambia, “Baba, kule maneno niachie mie. Wewe kula haluwa yako.”

Nimenyamaza. Hajui kunyamaza kwangu maana yake nini. Miaka hamsini na hajui.

Jumapili, 31 Januari. Sur.

Tumefika. Mgongo mzima, asante Mungu. Mgongo wa Khamis ndio unaouma.

Al Qabil mitende imepangika vizuri, wana maji wale. Al Mintirib tumesimama kutia petroli. Mchanga unaanzia nyuma ya nyumba za watu, mwekundu, unapanda juu kama mlima. Wazungu wanapakiwa magarini kwenda makambi ya jangwani, wamejifunga vilemba kama bandeji ya kichwa. Mmoja kanipiga picha. Nikasimama vizuri, fimbo mbele. Salma kacheka mpaka Al Kamil.

Abdalla hakula kitu njia nzima. Mkate wa mayai wa mama yake kampa paka wa kituo cha petroli.

Halafu bahari. Ilitokea ghafla, baada ya mlima wa mwisho, buluu tupu na jua juu yake. Salma kaniuliza, “Babu, unalia?” Nimemwambia vumbi.

Khamis kakodi nyumba karibu na pwani. Kiyoyozi kinanguruma kama mgonjwa. Chakula cha usiku kwa Mmalabari, Mhindi mwenye mkahawa wa kona: nguru wa kukaanga, wali, ndimu, pilipili ya kusaga. Nguru mzuri. Wali nimemwambia kaufanyia haraka. Kaniuliza mie mpishi? Nimemwambia mie ni zaidi. Kasema kesho atanipikia tena nione.

Haluwa iko salama. Nimelala nayo chumba kimoja.

Jumatatu, 1 Februari.

Asubuhi tumepanda ngome ya Sunaysila. Khamis kanipa mkono kwenye ngazi, sikuushika. Juu unaona mji wote. Nyumba nyeupe, khori, mkono wa bahari, inaingia katikati, ng'ambo ya pili Al Ayja na minara yake juu ya mawe. Upepo mtamu. Abdalla alikuwa hatazami ngome wala bahari. Anatafuta paa la nyumba moja. Kalipata, maana kakaa akaliangalia lile lile.

Tumekunywa sharubati ya embe na maziwa, gilasi ndefu. Kijana wa duka katia barafu nyingi. Barafu ni maji. Nimelipa sharubati nikapewa maji.

Baada ya laasiri tumekwenda kwa Bwana Musallam. Salma kapita mlango wa wanawake. Sisi majlisini, chumba cha wageni wanaume. Mazulia mazuri, mito, harufu ya udi. Bwana Musallam mtu mkubwa, ndevu nyeupe zimechongwa, sauti ya chini. Nikafunua bakuli la haluwa mwenyewe, bakuli langu la kaure lenye maua mekundu. Nikamweleza inavyopikwa. Kijana wao kaleta kahawa. Kahawa ya nguvu, iliki barabara. Pamoja na haluwa yangu, sijanywa kahawa kama ile tangu nije Oman. Nikanywa. Nikarudisha finjani, kajaza. Nikarudisha tena. Khamis naye. Abdalla naye, kwa kuogopa tu. Kutikisa finjani kuwa nimetosheka najua, watu wa Unguja wengine hawajui. Mie najua. Ila sikutikisa kwa kuwa sikutosheka.

Tukazungumza mvua, barabara, bei ya tende. Khalafu Khamis kakaa sawa, kakohoa, kasema maneno yake. Kayasema vizuri, sina la kumlaumu. Kamuomba binti.

Bwana Musallam katazama dele la kahawa. Kasema, “Mmekuja, ahlan wasahlan. Kahawa mmeshakunywa.”

Khamis kamshukuru kwa kahawa. Karudia maneno ya posa.

“Kahawa mmeshakunywa,” kasema tena. Kwa adabu. Halafu kaanza kuuliza habari ya mafalaji, mifereji ya mashamba ya Ibra, kama maji bado yanakwenda.

Tukaondoka. Uso wa Abdalla umekuwa kama majivu. Khamis anasema mtu mzima huomba siku ya kufikiri. Hakuomba siku. Hakuomba kitu. Sijapenda.

Jumanne, 2 Februari.

Simu haikulia.

Tumekwenda soko la samaki. Jodari wakubwa kama watoto. Papa. Khamis kanunua changu, Mmalabari wa kona katuchomea kwa mkaa, kampaka ndimu na kitunguu thomu. Wali wa leo umesimama punje punje. Nimemwambia sasa umekuwa mtu. Kacheka.

Nimekula peke yangu kama watu watatu. Wengine wanachokonoa.

Jioni tumekaa pwani kwa wachoma mishkaki. Watu wamejaa, watoto wanapiga mpira, wanawake wametandika mikeka. Chai ya maziwa ya tangawizi kwenye vikombe vya karatasi. Mji mzuri huu. Nimemwambia Abdalla ale mshikaki, haujamkosea.

“Babu, kama hawatutaki kwa kuwa sisi watu wa Unguja, waseme.”

Hasira imenishika. Mababu zangu walitoka Ibra hii hii kabla malori ya Musallam hayajaota magurudumu. Tulikwenda, tukarudi. Mtu akienda sokoni akirudi huitwa mgeni?

Khamis anasema tuondoke kesho, tusijidhalilishe. Nimesema pesa ya nyumba imelipwa mpaka Ijumaa na mie sijaona mnara wa taa wa Al Ayja. Sijali mnara. Sitaki kuondoka tu.

Jumatano, 3 Februari.

Tumevuka khori kwa kiboti cha mashine. Kufumba na kufumbua uko ng'ambo. Al Ayja kimya, vichochoro vyembamba, milango ya kuchonga. Mlango mmoja nimeusimamia. Ungeuhamisha Unguja mjini hakuna ambaye angegeuka kutazama. Nimeugusa. Khamis na Abdalla wametangulia kwenye mnara.

Salma kabaki na mie. Jana jioni alikwenda kwa Muna, upande wa wanawake. Alikuwa na neno tangu asubuhi, naliona limekaa mdomoni. Tukakaa kwenye baraza ya msikiti, kivulini.

“Babu, usikasirike.”

“Nshakasirika. Sema.”

Kasema. Watu wa huku, mtu mwenye haja kubwa akimiminiwa kahawa haigusi. Anaiweka chini mbele yake mpaka mwenye nyumba aulize una nini. Ndipo aombe. Akikubaliwa anakunywa. Ukinywa kabla, umekuja kutembea. Bwana Musallam kawaambia wake zake, watu hawa wamemaliza dele zima, wameshiba, wakajipangusa midomo, ndipo wakakumbuka kuwa nna binti. Kama wanaomba chumvi. Yeye hakuhesabu kuwa kaposewa. Na hawezi kumfundisha mgeni ndani ya nyumba yake, aibu.

“Na Muna mwenyewe?”

“Muna kalia, babu. Khalafu kacheka. Kasema, babu yako ndiye aliyelimaliza lile dele.”

Kwetu ukiacha kahawa ya watu umewatukana. Mama yangu angenichapa. Nani angejua? Na ile kahawa ilikuwa nzuri, kosa la aliyeipika.

Kesho Rashid anafika. Akikuta binti hajaposewa, hana hata wa kumuuliza.

Nimemwambia Salma asimwambie baba yake. Khamis akijua atakwenda kuomba radhi, ataeleza, atatoa hotuba ya ofisini kwake, na mambo yatazidi kuharibika. Salma kauliza nitafanya nini.

Nimemwambia nimesahau bakuli langu kwa watu.

Tumekunywa maji ya ndimu yenye chumvi. Mnara wa taa nimeuona. Mnara.

Alkhamisi, 4 Februari.

Nnaandika pole pole, nisiruke neno.

Asubuhi nimemwambia Khamis nataka bakuli langu. Kasema, “Baba, bakuli la kaure? Nitakununulia kumi.” Nimesema nataka lile lile, la mama yake Khamis. Hapo hana la kusema. Kasema basi tutapita kuaga, dakika mbili, na bakuli tutaondoka nalo. Abdalla alitaka kubaki garini. Nimemwambia atateremka au nitamteremsha.

Bwana Musallam katupokea vizuri kama mara ya kwanza. Majlisi ina watu, jamaa wa nyumbani, wamekuja kumuona msafiri. Na aliyeshika dele ni kijana mrefu, kanzu inang'ara, mafuta ya udi. Ndiye Rashid. Kafika jana usiku, kabla ya siku yake. Abdalla kamjua bila kuambiwa. Nimesikia pumzi yake ilivyokatika.

Haluwa yangu ya Jumatatu imewekwa mbele yangu, imebaki robo. Nimefurahi. Imeliwa.

Rashid kaja na dele mkono wa kushoto, finjani kulia. Kanianza mie, mkubwa wa umri. Kanimiminia. Harufu ya iliki ikanipanda mpaka machoni.

Nimeipokea. Nimeiweka chini kwenye zulia.

Khamis kanywa yake. Abdalla kanywa. Rashid karudi kwangu, kakuta finjani imejaa, kasimama. Khamis kanambia kwa Kiswahili, taratibu, “Baba, kahawa inapoa.” Sikumjibu. Kanikanyaga mguu. Kanikanyaga tena. Kidole kile kile chenye ukucha mbovu. Sikusogea. Mate yamenijaa kinywani na haluwa iko pale. Sijapata kuteseka namna ile tangu Ramadhani ya utotoni.

Bwana Musallam alikuwa anazungumza na mtu. Kaiona finjani. Maneno yakakatika katikati. Majlisi yote ikageuka kuitazama.

Kasema, “Kunywa, ya shayba.” Yaani mzee.

“Nna haja.”

“Kunywa, haja yako imesikika.”

“Haijasikika. Sijaisema.”

Mtu mmoja kacheka puani. Bwana Musallam hakucheka, lakini kaikunja miguu yake vizuri, kanigeukia kifua kizima. “Sema.”

Nimesema. Kiarabu changu cha msahafu, cha Kiswahili, cha sokoni, chote nimekitoa. Nimesema nimekuja kukuomba binti yako Muna kwa mjukuu wangu huyu, Abdalla. Anasali. Ana kazi. Akikasirika hunyamaza, katika hilo hakunirithi. Sisi watu tuliokwenda mbali tukarudi, mengine tumeyasahau njiani, na adabu ya kahawa mojawapo. Lakini kuomba hatujasahau, na hii finjani itakaa hapa mpaka uniambie. Kama ni la, niambie la, nitaondoka na bakuli langu na heshima yako itabaki. Kama ni ndiyo, haluwa ya harusi nakoroga mie mwenyewe, na hakuna Sur nzima aliyepata kuila kama hiyo.

Hapo nimejisifu. Ni kweli, kwa hiyo si kujisifu.

Khamis mguu kautoa juu ya wangu.

Bwana Musallam kamtazama Rashid. Kila mtu kamtazama. Mwenye haki ni yeye, na mbele ya watu wote kaulizwa bila ya neno. Abdalla kainamisha kichwa. Mie nimemtazama yule kijana usoni, maana ningetaka anitazame hivyo hivyo.

Rashid kaweka dele chini. Kasema, “Ami, Muna dada yangu. Tumekula sahani moja. Nimerudi kwa kuwa niliambiwa hakuna mtu aliyemuomba, na sikutaka akae hivyo. Sasa kaombwa.”

Maneno hayo tu. Nimempenda yule kijana. Laiti ningekuwa na mjukuu mwingine wa kike wa kuoza.

Bwana Musallam kainuka akaingia ndani. Tukakaa. Nikaitazama finjani. Moshi umekwisha. Nzi kaja, nimemfukuza. Khamis alikuwa anavuta pumzi kama aliyepanda ngome.

Kabla Bwana Musallam hajarudi, tukasikia vigelegele nyuma ya ukuta. Sauti moja ya mama mtu mzima, kisha nyingi. Na moja naijua, ya Salma, anapiga kama mtu anayekimbizwa.

Abdalla kafunika uso kwa mikono yake.

Bwana Musallam karudi, kasimama mlangoni. “Sasa kunywa,” kasema.

Rashid kanyoosha mkono achukue finjani aimwage, anipe ya moto. Nimemkatalia. Nimeinywa ile ile. Baridi, chungu, iliki zimetua chini. Nimeinywa mpaka mwisho. Khalafu nikamrudishia, akajaza. Nikamrudishia tena. Bwana Musallam kasema, “Mwacheni, leo ana haki.” Majlisi yote ikacheka, na Abdalla naye.

Nje Khamis kanishika bega. Kaniuliza nani kanifundisha. Nimemwambia mie nilikuwa najua tangu zamani, Jumatatu nilitaka kuona kama yeye anajua.

Salma kageuka upande wa bahari ili asicheke.

Ijumaa, 5 Februari.

Tumesali Sur. Baada ya sala mama yake Muna katuletea chakula mpaka nyumbani, sinia kubwa. Wali wa zafarani, samaki wa kuchoma, papa mkavu wa kupondwa na ndimu, achari ya embe. Nimemwita Mmalabari wa kona aje aonje, ajifunze. Kaonja, kakaa, kala nasi. Kasema wali wake sasa anaujua na huu anaujua pia. Mtu mwema.

Abdalla kala. Kala sana. Kammaliza samaki mzima akamtafuta mwingine.

Jioni tumetembea pwani wote pamoja, Rashid naye kaja, kanunua sharubati ya ndizi kwa kila mtu. Barafu kidogo. Watoto wanapiga mpira. Mpira ukaja kwangu nikaupiga. Haukwenda mbali. Ulikwenda.

Harusi mwezi huu huu wa Shawwali haiwezekani, wanawake wanasema nguo bado. Baada ya hija, inshallah.

Nimeanza kuhesabu samli.

Jumamosi, 6 Februari. Ibra.

Tumerudi. Nyumba ile ile. Kuku wameingia jikoni.

Sufuria la shaba nimelisugua kwa ndimu na majivu mpaka nikaona ndevu zangu ndani. Litafaa.

Bakuli langu tumelisahau Sur. Hili kweli, sikulisahau kwa hila. Bwana Musallam kapiga simu, kasema litakaa kwake mpaka harusi, likirudi litarudi limejaa. Nimemwambia lisirudi. Liwe la Muna.

Kahawa nimejipikia mwenyewe alasiri, nikakaa barazani. Nikaiweka chini kwanza, kidogo tu, nikaitazama. Sina haja nyingine kubwa. Nikainywa ingali moto.

Haya niliyoyaandika ndivyo yalivyokuwa. Anayedhani nimezidisha, Khamis yupo, alinikanyaga kidole na ukucha bado mweusi. Salma yupo. Mmalabari wa kona yupo Sur, kwa habari ya wali. Na Rashid bin ami yake Muna, aliyelishika dele, aulizwe yeye nani aliyeshindwa kwanza, mie kwa uchu au finjani kwa kupoa.